Itakapokuwa Tayari

Jioni moja ya Januari 2025, mvua ilipokatika, mstari mwembamba wa kijani ulikuwa ukitambaa kwenye kioo cha kompyuta kuukuu katika duka la steshenari hapa Katumba. Ulifika katikati ukasimama. Simu ilikuwa imelazwa dirishani, mahali pekee humo dukani inapokamata mtandao vizuri, na kompyuta ilikuwa ikinyonya intaneti yake kutoka kwenye simu hiyo, tone kwa tone. Kijana anayetunza duka alichoka kutazama, akarudi kwenye karatasi za mtihani alizokuwa akizitoa kopi, halafu akauliza bila kuinua kichwa: “Mwalimu, na ikimaliza, itakuwa ile ile?” Nikamwambia ndiyo, itakuwa ile ile. Swali lake lilikuwa la haki. Simu yake hujisasisha yenyewe mara kwa mara, na akiiwasha hukuta vitufe vimehama na rangi zimebadilika bila yeye kuulizwa. Kompyuta ile inaendeshwa na Debian, mfumo huria wa ukoo wa Linux, na Debian katika tawi lake thabiti haibadili sura eti kwa sababu dunia imebadilika. Kilichokuwa kikishuka ni viraka vya usalama, vya kuziba matundu yaliyogunduliwa kwenye programu zile zile, bila pambo jipya hata moja. Programu ya kuandikia ingebaki LibreOffice 7.4, iliyokuwamo tangu Juni 2023. Bando lote la jioni liliteketea ili mambo yaendelee kuwa kama yalivyokuwa jana.

Nimelifikiria jambo hilo tangu siku ile. Debian ilianzishwa na Ian Murdock Agosti 1993, na imejengwa na watu wa kujitolea waliotapakaa duniani, wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso. Kazi yao wameigawa katika matawi matatu. La kwanza halina utulivu. Humo huingia kila kipya kinapotoka mikononi mwa mtunzi wake. Linaitwa Sid, jina la mtoto wa jirani anayevunja midoli katika filamu ya Toy Story, maana tangu 1996 matoleo ya Debian hupewa majina ya wahusika wa filamu hiyo. Anayeishi na Sid anajua kuna asubuhi atawasha mashine na isiwake. Programu ikikaa humo siku chache bila mtu kuikuta na kosa kubwa, na ikikubali kujengwa kwa kila aina ya mashine inayohudumiwa, huvuka kwenda tawi la pili, la majaribio. Huko nako haina raha. Programu inaweza kuwa nzima ikiwa peke yake lakini ikagombana na jirani yake mara wanapowekwa nyumba moja, na ugomvi huo hauonekani mpaka wameishi pamoja. Kisha, kila baada ya miaka miwili hivi, lango hufungwa. Makubwa mapya hayaingii tena. Kinachobaki ni kuwinda makosa, moja baada ya jingine, mpaka yaliyosalia yawe yale yanayovumilika, na hapo ndipo tawi la tatu, lile thabiti, linapopata toleo jipya. Mwaka 2025 kufunga huko kulianza tarehe 15 Machi. Na ukiwauliza watu wa Debian toleo litatoka lini, jibu lao la miaka yote ni kwamba litatoka litakapokuwa tayari.

Jibu hilo linaudhi, na ninalipenda. Katika miombo inayotuzunguka huku Katavi kuna mizinga iliyotundikwa juu ya miti, na mrina asali anayeijua kazi yake haangalii kalenda. Anapanda, anafukiza moshi, anafungua, anatazama kama nyuki wameshaziba sega kwa nta. Asali ambayo haijazibwa ina maji mengi. Ukiikamua na kuijaza chupani itatoa povu na kuchacha, na mnunuzi wa Mpanda mjini hatarudi kwako tena. Nyuki hawazibi mapema kwa sababu mwenye mzinga anadaiwa ada ya shule. Wanapepea kwa mbawa, maji yanapungua kidogo kidogo, na siku asali inapofikia uzito wake ndipo wanapoifunika. Aliyesimama chini ya mti anaona gogo lisilotikisika, akadhani humo hakuna kinachotendeka. Kumbe ndani kuna upepo usiokoma, unaopigwa na maelfu ya viumbe kila mmoja na nafasi yake. Huo ndio ungojaji ninaouheshimu: ule ambao ndani yake kuna kazi, hata kama mngojaji haioni.

Lakini Kiswahili chenyewe hakijatoa hukumu moja kuhusu kungoja. Subira huvuta heri, tunaambiwa, na kabla neno halijatua tunaambiwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Watu wa Debian wanaijua methali hiyo ya pili bila kufundishwa. Toleo lao la 3.0 lilitoka Julai 2002, na lililofuata, 3.1, halikuonekana mpaka Juni 2005. Karibu miaka mitatu. Kompyuta mpya zilikuwa zikiuzwa zikiwa na vifaa ambavyo mfumo haukuwahi kuvisikia, na aliyeshika thabiti alishika kitu kilichozeeka mikononi mwake. Katika kipindi hicho hicho, Oktoba 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambaye miaka ya nyuma alikuwa mmoja wa watengenezaji wa Debian, alitoa Ubuntu kwa ahadi ya toleo jipya kila miezi sita. Iliwafaa wengi, na huku kwetu Afrika iliwafaa zaidi kwa sababu kwa miaka kadhaa watu wake walikuwa wakituma diski bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Hata hivyo Ubuntu nayo ilijifunza kungoja. Mwaka 2006 toleo lake la kwanza la kuhudumiwa kwa muda mrefu lilisogezwa kutoka Aprili hadi Juni, na mpaka leo anayetumia matoleo hayo haletewi mwito wa kuhama siku toleo jipya linapotoka. Huachwa kwanza mpaka marekebisho ya mwanzo yapatikane, miezi kadhaa baadaye, na Agosti 2024 hata marekebisho hayo yalicheleweshwa wiki mbili kwa sababu ya makosa yaliyogunduliwa mwishoni.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Februari 2024 jumuiya ya KDE ilitoa Plasma 6, eneokazi zuri kweli, na picha zake zikazagaa kila mahali. Wa tawi thabiti la Debian waliendelea na Plasma 5.27 kwa mwaka mmoja na nusu. Nawafahamu wanaoona ungojaji huo kuwa fedheha, kana kwamba mtu ameachwa stendi na basi. Mimi naona kwamba mtu mwenye kompyuta moja, mtandao unaokatika, na barua za watu thelathini za kuomba kazi ndani ya mashine hiyo, hana nafasi ya kuamka na kidonda. Mhandisi wa jijini mashine ikimgomea atafungua nyingine na kutafuta dawa. Huku, mashine ikigoma, mwanafunzi anakosa fomu yake ya kujiunga na chuo. Utulivu wa programu una thamani tofauti kwa watu tofauti, na wenye akiba ndogo ndio wanaouhitaji zaidi. Usiache mbachao kwa msala upitao si methali ya watu waoga. Ilitungwa na watu waliojua gharama ya kulala chini.

Nimesema hayo, na bado najua kwamba Katumba ni mahali pagumu pa kumwambia mtu asubiri. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1973 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Wengine walipelekwa Ulyankulu upande wa Tabora, na baadaye wengine Mishamo. Serikali ilitoa ardhi, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, na shirika la Kilutheri la TCRS wakatia mkono, na watu wenyewe wakafyeka msitu wenye mbung'o, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, na haikuchukua miaka mingi wakawa wanajilisha na kuuza ziada. Lakini kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Watoto walizaliwa hapa, wakasoma kwa Kiswahili, wakaoa na kuolewa, wakawazika wazazi wao katika udongo huu, na karatasi ikaendelea kuwaita wakimbizi. Mwaka 2007 mpango uliwekwa wa kuwapa chaguo: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Wengi, takriban wanne kati ya watano, walichagua uraia. Mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 160,000 yalikubaliwa. Ungedhani hadithi imeishia hapo.

Vyeti havikuwafikia. Makusudio yalikuwa kwamba makazi yafungwe, wananchi hawa wapya watawanywe katika mikoa mingine, na kila mmoja apewe cheti huko atakakohamia. Uhamisho huo ulisitishwa mwaka 2011, na vyeti vikasita pamoja nao. Oktoba 2014 ndipo vilipoanza kugawiwa, wakati wa Rais Jakaya Kikwete, na watu wakaruhusiwa kubaki walipo. Miaka ile ya katikati ndiyo inayonirudia ninapofikiria neno thabiti. Mtu alikuwa ameshaacha uraia mmoja bila kuushika wa pili. Nani apande mwembe mahali alipoambiwa atahamishwa? Nani aezeke bati jipya? Shamba la tumbaku ni la msimu mmoja, hilo lililimika. Lakini kila kilichohitaji miaka mitano mbele kilibaki kichwani. Hapo ndipo matumbo yalipoumia kweli, na sitakubali mtu atumie methali ya subira kuwanyamazisha waliopitia hayo.

Tofauti iko wapi, basi, kati ya ungojaji huo wa vyeti na ule wa Debian? Urefu wa muda peke yake hautoshi kuieleza. Naiona katika kufunguka. Lango la Debian linapofungwa, orodha ya makosa yanayozuia toleo iko wazi kwa mtu yeyote duniani. Unaweza kuisoma, ukaona leo yamebaki mangapi na jana yalikuwa mangapi, ni programu ipi imekwama na nani ameishika. Unaweza hata kuufupisha ungojaji kwa mkono wako mwenyewe, kwa kurekebisha kosa moja. Anayengoja na anayengojewa wanaweza kuwa mtu yule yule. Mzee wa Katumba aliyetaka kujua cheti chake kiko wapi mwaka 2012 hakuwa na orodha ya kufungua, na bidii yake yote shambani isingekisogeza hata hatua moja. Ungojaji wa namna hiyo humfanya mtu kuwa kitu kilichowekwa rafuni. Ule mwingine unamwachia utu wake, na kumpa kazi akiitaka.

Kuhusu ungojaji ule wa Debian, kuna kisa kimoja ambacho kila ninapokikumbuka nywele zinanisimama. Ijumaa Kuu ya mwaka 2024, tarehe 29 Machi, mhandisi aitwaye Andres Freund alitangaza kwamba amegundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili ambayo karibu kila mashine ya Linux huitegemea. Hakuwa akiutafuta. Alikuwa akipima mwendo wa jambo jingine kabisa, akaona kuingia kwenye mashine kwa mbali kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Mwingine angepuuza. Yeye alifuata hiyo nusu sekunde mpaka akamkuta nyoka. Mlango ule ungempa mwenye ufunguo wake uwezo wa kuingia kwenye seva za watu popote zilipo. Ulikuwa umeshaingia katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, na matoleo hayo yalikuwa yameshafika Sid na tawi la majaribio la Debian. Tawi thabiti lilikuwa bado na 5.4.1. Wale waliochekwa kwa kuwa nyuma walikuwa salama, wala hawakuhitaji kufanya lolote.

Ningeweza kukiacha kisa hapo kiwe ushindi wa subira. Lakini kina upande wa pili, na ndio unaoniumiza. Programu ile ilitunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja wa Finland, Lasse Collin, kwa kujitolea. Mwaka 2022 walijitokeza watu wenye majina yasiyojulikana wakimlaumu kwamba masasisho yanachelewa, kwamba watumiaji wanataabika, kwamba ampishe mtu mwingine. Yeye alikuwa ameeleza kwamba afya yake ya akili ilikuwa ikimsumbua kwa muda mrefu. Na mtu mwingine alikuwapo karibu, mpole, mchapakazi, anayetuma marekebisho tangu 2021 kwa jina la Jia Tan. Huyo akakabidhiwa funguo kidogo kidogo, na huyo ndiye aliyeuweka mlango wa siri. Mpaka leo haijulikani ni nani nyuma ya jina hilo. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwizi alisubiri zaidi ya miaka miwili, subira ambayo mtu mwema angeionea wivu, na mtaimbo uliolibanduza komeo ulikuwa papara iliyoigizwa. Walijua kwamba mtu aliyechoka, akisukumwa na sauti za “bado tu?”, atamshukuru yeyote atakayempokea mzigo. Tangu nilipokisoma kisa hiki, neno “bado” ninapotaka kumwambia mtu anayenifanyia kazi bure huwa linanikwama kooni. Swali linalofaa lilikuwa jingine: umechoka? Unahitaji mtu? Waliomuuliza hivyo hawakutosha.

Kwetu kuna ungojaji wa aina ya tatu, ambao ndani yake hamna nyuki wanaopepea wala ofisi inayoshikilia vyeti. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden katika mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza Kiswahili. Lilikuwa jambo kubwa. Watu waliketi wakakubaliana kuhusu istilahi, wakathubutu kuamini kwamba karani wa wilaya anaweza kufungua faili, kulihifadhi na kulichapa bila kukanyaga Kiingereza. Lakini tafsiri ya programu haikamiliki siku moja ikawekwa kabatini. Kila toleo jipya huja na sentensi mpya, menyu mpya, onyo jipya la hatari, na kila moja hubaki katika lugha ya wageni mpaka mtu aketi aiandike upya. Hakuna anayetuzuia. Mlango uko wazi, meza iko tupu. Tunasema Kiswahili ni lugha ya mamilioni kwa mamilioni, tunakisherehekea kila Julai, kisha tunangoja kompyuta ijifunze yenyewe. Huo siuiti subira. Hapa Katumba, mahali ambapo Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watoto wa Kirundi na majirani zao Wabende, Wakonongo, Waha na Wasukuma, ninaona hasara yake kila mtu mzima mwenye akili timamu anapoitazama sentensi ya kioo na kuniita nimsomee.

Debian 13, iliyopewa jina la trixie, ilitoka tarehe 9 Agosti 2025. Ilileta Plasma 6.3, eneokazi jingine liitwalo GNOME 48, na LibreOffice 25.2, waliongoja wakapata, na ilitulia tangu siku ya kwanza. Ila haikuwa habari njema kwa wote. Toleo hili halina tena kisakinishi cha kompyuta za kawaida za biti 32, na mashine za namna hiyo bado zimo katika maabara za shule zetu, zilizofika kama msaada zikiwa zimeshamaliza ujana wao kwingineko. Zitabaki na toleo la 12, ambalo halitahudumiwa milele. Kila toleo hupata kama miaka mitano ya viraka kwa jumla, kisha basi. Walioamua hivyo walikuwa na sababu: mashine hizo zimekuwa chache kwao, na wa kuzijaribia programu wamepungua zaidi. Siwalaumu. Ninachojiuliza ni kama katika mijadala ile ilikuwamo sauti ya mtu aliyesema, huku kwetu bado zipo, zinafundishia watoto, na mimi niko tayari kuzijaribia.

Toleo la 14 limeshapewa jina, forky, na lango lake bado liko wazi. Mwenye mashine ya ziada isiyobeba kazi za watu anaweza kuweka tawi la majaribio sasa hivi, aone linavyokwenda kwa umeme wa sola unaopungua saa mbili usiku na mtandao unaokatika katikati ya kushusha. Akikutana na kosa, awaandikie watu wa Debian: alikuwa akifanya nini, alitegemea nini, akaona nini. Taarifa hupewa namba, na kila mtu anaweza kuifuatilia kwa namba hiyo mpaka kosa litakapofungwa. Vijana wa kuiandika wapo hapa, nimewafundisha baadhi yao, na ningependa taarifa moja iwe imetoka Katumba kabla lango hilo halijafungwa.